Hifadhi ya mtandaoni inapogoma kwenye kompyuta ndogo ya Linux

KADI ya kumbukumbu imejaa, kompyuta haitaki kuwaka, na mwenye ofisi anapofungua akaunti yake ya Google Drive kwa simu anagundua kwamba faili la mwisho lililofika huko ni la miezi mitatu iliyopita. Muda wote huo programu ya kunakili kumbukumbu za ofisi ilikuwa ikifanya kazi kila usiku bila kulalamika.

Tatizo la namna hiyo ni miongoni mwa mabaya zaidi yanayoweza kumpata mtumiaji wa kompyuta ndogo ya Linux, na ubaya wake ni kwamba huja kimya kimya. Mengine yote hutangulia kutoa ujumbe kwenye skrini.

Kompyuta ndogo inayofahamika zaidi katika kundi hilo ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza Februari 29, 2012 kwa dola 35 za Marekani. Ukubwa wake ni sawa na kadi ya benki, haina diski ya ndani, na kwa kawaida mfumo wake wote hukaa kwenye kadi ndogo kama ile ya simu. Kwa sababu nafasi ni finyu, watumiaji wengi huiunganisha na hifadhi ya mtandaoni, ambayo siku hizi huitwa ‘wingu’.

Linux haizipi diski herufi kama C au D. Kila hifadhi, iwe diski ya USB au wingu, hupachikwa juu ya folda fulani, na tangu hapo anayefungua folda hiyo huona yaliyomo kwenye hifadhi. Programu inayotumika sana kupachika wingu ni rclone, iliyoandikwa na Nick Craig-Wood, nayo hufanya kazi hiyo kupitia FUSE, sehemu iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2005.

Jambo la kwanza mambo yanapoharibika ni kutambua ugonjwa uko wapi, kwenye intaneti na akaunti, au kwenye upachikaji wenyewe. Ikiwa hifadhi ilipewa jina ‘wingu’, amri ‘rclone lsd wingu:’ huuliza moja kwa moja kule mtandaoni bila kupitia folda iliyopachikwa. Orodha ya folda ikijitokeza, intaneti na akaunti ni nzima. Isipojitokeza, hakuna faida ya kuhangaika na upachikaji.

Ieleweke kwamba ujumbe wa makosa utakuja kwa Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, lakini programu za aina hii hazijafikiwa na juhudi hizo.

Chanzo kimoja kinachosahauliwa ni saa. Raspberry Pi za kabla ya toleo la tano, lililotoka mwaka 2023, hazina saa inayoendelea kutembea umeme unapokatika, na hata hilo la tano huhitaji kuongezewa betri yake. Umeme ukirudi, kompyuta huamini kwamba bado ni saa ile ilipozimika, hadi itakapopata saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Ikiwa ilikaa gizani siku nyingi, vyeti vya usalama vya mtandao vinaweza kuonekana kuwa bado havijaanza kutumika, na mawasiliano yote na wingu yakakataliwa. Amri ‘timedatectl’ huonyesha saa na kama imelinganishwa. Kabla ya kubadilisha nywila au kufuta chochote, ni vyema kutazama hapo.

Saa ikiwa sahihi na akaunti bado inakataa, huenda kibali kimekwisha muda. Rclone haihifadhi nywila ya Google bali kibali maalumu kinachohuishwa mara kwa mara. Watumiaji waliojitengenezea kitambulisho chao cha programu kwenye mitambo ya Google, jambo linaloshauriwa ili kuepuka msongamano, hushangaa kuona kila kitu kikifa baada ya siku saba. Sababu ni kwamba kitambulisho kimeachwa katika hali ya majaribio, ambayo vibali vyake huishi wiki moja tu. Dawa ni kukitoa kwenye majaribio, kisha kuomba kibali upya kwa amri ‘rclone config reconnect wingu:’. Kama kompyuta haina skrini wala kivinjari, amri ‘rclone authorize’ huendeshwa kwenye kompyuta nyingine na majibu yake kunakiliwa.

Kosa jingine hujitokeza pale rclone inapodai kuwa haiijui kabisa hifadhi ambayo jana tu ilifanya kazi. Mara nyingi mtumiaji ametanguliza neno ‘sudo’. Mipangilio ya rclone hukaa ndani ya folda binafsi ya aliyeiandika, na mtumiaji mkuu wa mfumo ana folda yake nyingine isiyo na kitu. Inatosha kuonyesha faili la mipangilio kwa kutumia ‘--config’, au kuachana na ‘sudo’.

Ujumbe ‘Transport endpoint is not connected’ huwatisha wengi bila sababu kubwa. Maana yake ni kwamba rclone imekufa lakini folda bado imeshikwa. Amri ‘fusermount -u’, au ‘fusermount3 -u’ kwenye mifumo mipya, ikifuatiwa na jina la folda, huiachia, kisha hifadhi hupachikwa tena. La muhimu zaidi ni kujua nini kiliiua rclone. Kwenye kompyuta kama Raspberry Pi Zero yenye RAM ya megabaiti 512, mara nyingi ni kiini cha Linux chenyewe, ambacho huua programu RAM inapokwisha, na ushahidi huonekana kwa amri ‘dmesg’. Rclone hutenga megabaiti 16 kwa kila faili linalosomwa, na kiasi hicho kinaweza kupunguzwa kwa ‘--buffer-size’.

Chanzo cha pili ni umeme hafifu. Chaja ya simu iliyookotwa mezani huweza kuiwasha Raspberry Pi 4, lakini kompyuta hiyo inahitaji ampea tatu, na toleo la tano linapendekezewa chaja ya ampea tano. Amri ‘vcgencmd get_throttled’ ikijibu 0x0, umeme unatosha. Ikijibu 0x50000, umeme ulipungua wakati fulani tangu kompyuta ilipowashwa.

Kuhusu ruhusa, hifadhi iliyopachikwa kwa FUSE huonwa na aliyeipachika peke yake. Hata mtumiaji mkuu wa mfumo hukataliwa, jambo linalowashangaza wazoefu. Ili wengine waione, huongezwa ‘--allow-other’, na mstari wa ‘user_allow_other’ katika faili la /etc/fuse.conf huondolewa alama ya reli iliyo mbele yake.

Programu zinazoshindwa kuhifadhi kazi kwenye wingu huhitaji ‘--vfs-cache-mode writes’. Kwa mpangilio huo faili huandikwa kwanza kwenye kadi, kisha hupakiwa mtandaoni sekunde tano baada ya kufungwa. Faida yake huonekana intaneti inapokatika, kama ilivyotokea Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na kuivuruga huduma hiyo nchini Tanzania na kwa majirani zake. Yasiyopakiwa hubaki kwenye kadi, na rclone ikiwashwa tena kwa mipangilio ile ile huyaendeleza. Hasara ni kwamba ghala hilo la muda halina kikomo lisipowekewa ‘--vfs-cache-max-size’.

Sasa turejee kwenye ofisi ile ya mwanzo, maana hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Umeme ulikatika na kurudi. Raspberry Pi iliwaka haraka kuliko ruta, rclone ikatafuta intaneti, haikuipata, ikajifia. Folda iliyokusudiwa kupachikwa ilibaki pale pale, tupu, kama folda nyingine yoyote ya kwenye kadi. Usiku ulipofika, programu ya kunakili iliikuta, ikaandika humo, na kuripoti kuwa kazi imekamilika. Haikudanganya, kwani faili ziliandikwa kweli, ila ziliandikwa kwenye kadi.

Siku iliyofuata kompyuta ilizimwa na kuwashwa tena, na safari hii intaneti ilikuwepo. Hata hivyo rclone hukataa kupachika juu ya folda yenye vitu ndani, kwa hiyo ilijifia tena, na hali ikaendelea hivyo kila siku hadi kadi ikajaa. Wapo wanaolazimisha kwa ‘--allow-non-empty’ bila kuchungulia kwanza. Hapo faili zile hufunikwa, kadi ikaonekana imejaa huku hakuna folda inayoonyesha kilichoijaza.

Uokoaji huanza kwa kuachia upachikaji, kama upo, na kutazama kilichobaki ndani ya folda. Vyote vinavyoonekana wakati huo ni vya kwenye kadi. Huhamishiwa folda nyingine, hupakiwa kwa ‘rclone copy’, na baada ya kuhakikisha kwamba vimefika ndipo hufutwa. Kwa kadi iliyogoma kuwaka, kazi hiyo hufanywa kwa kuisoma kwenye kompyuta nyingine yenye Linux.

Ili jambo hilo lisijirudie, upachikaji hukabidhiwa systemd, ukaelezwa usubiri ‘network-online.target’ na ujaribu tena kila unaposhindwa. Aidha, programu ya usiku hutanguliziwa amri ‘mountpoint -q’ na jina la folda, ili isiandike chochote kama hakuna kilichopachikwa.

Kwa kazi ya kunakili peke yake, kupachika hakuna ulazima wowote. ‘Rclone copy’ hupeleka faili moja kwa moja mtandaoni, na intaneti isipokuwepo hutoa kosa badala ya kuandika pasipostahili. Kupachika kunafaa pale mtu anapotaka kufungua na kusoma faili za wingu kana kwamba ziko mezani kwake. Anayefanya hivyo akumbuke kwamba kufuta ndani ya folda hiyo ni kufuta kule mtandaoni. Kwa Google Drive, rclone huyapeleka yaliyofutwa kwenye pipa la taka, ambako hukaa siku 30.