Mahali pa Mji wa Mbeya na Habari Zake

Mwaka uliopita niliwapa watoto wa darasa la sita kazi ya kuandika insha juu ya mji wa Mbeya. Shule yetu i mbali na mji, lakini ni nadra kumpata mtoto asiyeufahamu, kwa maana mzazi aendaye kuuza viazi, au kupeleka mgonjwa hospitali, au kumpokea ndugu atokaye Dar es Salaam, hupita huko. Mtoto mmoja, naye si mjinga hata kidogo, aliandika ya kuwa mahali paitwapo Mafiati paliitwa hivyo kwa jina la chifu wa kale, Mafiati, aliyepigana na Wajerumani. Nikatwaa wino mwekundu nikapiga mstari. Hata nilipotaka kuandika pembeni habari iliyo ya kweli, kalamu ikasimama. Chifu wa jina hilo sikupata kumsikia, lakini jambo la kuweka mahali pake sikuwa nalo. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka mjini kuuliza, na leo nataka kuwaeleza niliyoyapata.

Wenzetu wa Iringa hawana taabu kama hiyo. Mgeni akiwauliza habari za mji wao, humwonyesha jiwe la Gangilonga, kisha humpeleka Kalenga, ngome iliyotwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, na kumweleza habari za Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwezi wa Agosti 1891. Humwonyesha na fuvu la Mkwawa, ambaye alikufa mwaka 1898, na fuvu lake likarudishwa nyumbani mwaka 1954. Habari zote hizo hushikamana na mtu mmoja, nazo ni rahisi kufundisha. Sisi wa Mbeya hatuna Mkwawa wala ngome katikati ya mji. Mji wetu ulifanywa na watu waliokuwa wakipita, na habari zake zimelala katika majina ya mahali waliposimama.

Jina lenyewe la Mbeya ni la namna hiyo. Wazee husimulia ya kuwa latoka katika neno la Kisafwa, ibheya, maana yake chumvi, kwa kuwa hapa wachuuzi walikuja kubadilishana mazao yao kwa chumvi. Mlima Loleza, wenye kimo cha mita 2,656, ulikuwa ukiwatazama watu hao kama utazamavyo sasa mabati ya nyumba zetu. Mtu apoteaye njia mjini huinua macho autafute Loleza, ndipo ajue upande wa kaskazini. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai ukungu huufunika, na baridi hushuka kutoka huko hata chai hupoa kabla mtu hajamaliza andazi lake.

Mji huhesabiwa kuwa ulianza mwaka 1927, kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, ng'ambo ya safu ya milima. Katika miaka ya 1930 Wazungu kwa mamia na Waafrika kwa maelfu walikwenda kuchimba na kuchekecha mchanga wa mito. Vijana wengi wa Rungwe walikwenda kufanya kazi, na waliobaki walipeleka mchele na ndizi kuwauzia. Wote walihitaji mahali pa kununua majembe, kutengeneza magari na kulala kabla ya kupanda mlima, na mahali hapo ndipo Mbeya. Dhahabu ilipopungua, mji haukufa, lakini alama ya siku zile ipo katika sehemu zake za zamani. Uzunguni walikaa Wazungu penye miti na hewa, Uhindini walikaa Wahindi wenye maduka, na Waafrika wakawekwa Majengo. Leo mtu yeyote aweza kupanga Uzunguni akiwa na fedha. Watoto hulitamka jina hilo pasipo kufikiri ya kuwa babu zao hawakuweza kukaa huko ila wakiwa wapishi au walinzi.

Sasa nirudi kwa Mafiati. Nilielekezwa kwa mzee mmoja, mzaliwa wa Rungwe, ambaye katika ujana wake alikuwa utingo wa malori. Nilipomweleza habari za chifu wetu alicheka hata machozi yakamtoka, kisha akaniambia, "Mwanangu, Mafiati walikuwa wengi, nao walikunywa dizeli. Ni malori. Malori ya Fiat, kutoka Italia."

Ili msomaji aelewe, yafaa ajue jinsi malori hayo yalivyofika. Zambia ilipata uhuru mwaka 1964, lakini haina bahari. Shaba yake ilitoka na mafuta yake yaliingia kwa njia za kusini, zilizopita Rhodesia. Mwezi wa Novemba 1965 Wazungu wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wenyewe, ili utawala usiende kwa Waafrika walio wengi. Ukafuata ugomvi na vikwazo, na mafuta ya Zambia yakakatika. Petroli ikagawanywa kwa kipimo, na mengine yakaletwa kwa ndege. Njia iliyobaki ilikuwa kuelekea kaskazini, kwetu: kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma. Barabara hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Wakati wa kiangazi ilikuwa vumbi, na wakati wa masika ilikuwa tope lisilo na huruma. Wazungu waliiita njia ya jehanamu. Serikali za nchi hizi mbili zikaanzisha kampuni ya malori, na Mbeya, iliyo karibu nusu ya safari, ikawa mahali pa kupumzisha magari na watu.

Mzee alinieleza ya kuwa walipokwenda walibeba mapipa ya mafuta, na waliporudi walibeba vipande vya shaba. Lori likikwama walikaa porini siku mbili, siku tatu, na wanawake wa vijiji vya jirani wakawaletea ndizi na mahindi ya kuchoma. Pale Kitonga, penye mteremko mkali, utingo alitembea kwa miguu ameshika kigingi, tayari kukitia chini ya gurudumu breki zikishindwa. Nilimwuliza kama aliogopa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, wawili niliolala nao chumba kimoja hapa Mafiati hawakurudi. Tulikwenda tu. Wale watu wa Zambia walikuwa gizani." Nami nikafikiri jinsi nilivyopita mahali pale mara mia nikitafuta gari la kunirudisha nyumbani, pasipo kujua ya kuwa nasimama penye jambo kubwa kama hilo.

Kazi ya malori ilipunguzwa kwanza na bomba la mafuta, lililoanza kupeleka mafuta hata Ndola mwaka 1968, kisha barabara ikatiwa lami. Halafu ikaja reli. Mataifa ya magharibi yalisema ya kuwa reli hiyo haitaleta faida, lakini China ilikubali kukopesha fedha, na mapatano yakafanywa mwaka 1967. Ujenzi ulianza 1970, ukamalizika 1975, na mwezi wa Julai 1976 reli ikakabidhiwa, urefu wake kilometa 1,860, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya kutoka Mlimba kupanda hata Makambako, penye mahandaki na madaraja mengi. Kituo cha Mbeya kilijengwa nje ya mji, nao mji ukakifuata. Ukienda, simama katika ukumbi wake utazame ukubwa wa dari. Waliokijenga walikuwa na matumaini makubwa.

Barabara na reli zilileta watu wengi kuliko dhahabu. Mwaka 2005 Mbeya ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279, na ile ya 2022 watu 541,603. Vitongoji vikajaa, na majina yao pia yana masikio ya kusikia habari za mbali: Ghana, jina la nchi iliyojitawala mwaka 1957, na Soweto, jina la kitongoji cha Johannesburg ambapo wanafunzi walipigwa risasi mwaka 1976. Uwanja wa mpira una jina la Sokoine, waziri mkuu aliyekufa kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Habari za mpira nawaachia vijana, maana wao huzijua kuliko katekisimu.

Lakini siwezi kupita Mwanjelwa bila kusimama. Soko lile lilikuwa kama tumbo la mji. Viazi vya Umalila, mchele wa Kyela na Usangu, ndizi za Tukuyu, na nguo za mitumba, vyote vilikutana humo. Shangazi yangu alikuwa na meza ya nguo za watoto. Mwezi wa Desemba 2006 soko liliungua. Shangazi alifika asubuhi akakuta majivu na vyuma vilivyopindika, na wanawake wamekaa chini wakiwa na funguo za makufuli yasiyokuwapo tena. Mtaji wake wa miaka kumi na mmoja uliisha usiku mmoja. Miaka mingi ilipita kabla ya jengo jipya kukamilika, zuri, la ghorofa. Yeye hakuweza kuingia humo, kwa kuwa wakati ule alikuwa amekwisha kurudi kijijini kulima. Funguo yake ipo mpaka leo, imening'inizwa msumarini karibu na mlango. Nilipokuwa kijana nilidhani ameisahau hapo. Mwaka huu nilimwuliza, akasema, "Hiyo ndiyo Mwanjelwa yangu."

Baada ya safari ile nilimwomba mzee wetu wa malori aje shuleni. Alikuja siku ya Ijumaa, amevaa koti ijapokuwa palikuwa na jua, akachora ubaoni lori la Fiat na tela lake, na mapipa, na mwanamume mdogo mwenye kigingi mkononi. Watoto walimwuliza maswali hata kengele ikalia na hapana aliyeinuka. Yule wa chifu Mafiati alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nilipomaliza kumshukuru mgeni, mzee alijibu, "Ndaga," akapangusa chaki mikononi, akamwuliza mtoto huyo, "Na wewe, unajua babu yako alisimama wapi?"