Nani Ameshika Saa?

Mwaka 1996 niliaibika mbele za watu, na kilichoniaibisha ni shairi langu mwenyewe. Nilikuwa nimeliandikia programu ya BASIC kwenye kompyuta kuukuu ya jamaa mmoja mtaani. Nilitaka beti zitokee kwenye kioo mstari mmoja mmoja, taratibu, kama mtu anayesoma. Kati ya mstari na mstari niliiamuru mashine ihesabu kimyakimya mpaka 5,000, basi. Kule mtaani mambo yalikuwa safi. Siku ya mahafali nikabeba disketi yangu, nikaichomeka kwenye kompyuta mpya ya 486 iliyoazimwa kwa ajili ya sherehe. Beti zote zikapita fyuu! Mshikaji mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Ndiyo limeisha?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Fundi akaja, akabonyeza kitufe kilichoandikwa Turbo mbele ya sanduku. Namba za kijani zikashuka kutoka 66 hadi 33. Nikajaribu tena. Wapi! Shairi likapita kwa nusu ya mbio za mwanzo, na bado hakuna aliyeambulia neno.

Kijana mwenzangu, kicheko kile ndicho kilichonifanya niitafute historia ya kitufe hiki. Nimegundua kwamba kosa langu walikwisha kulifanya wakubwa kabla yangu, na wakalirudia baada yangu.

Tuanze mwanzo. Kila prosesa huenda kwa mapigo, kama wachezaji wanavyofuata ngoma: pigo likilia, hatua inapigwa. Kompyuta ya IBM PC, iliyotoka Agosti 1981, ilikwenda kwa megahezi 4.77, yaani mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Mapigo hayo yalitoka kwenye kipande cha kwatzi cha megahezi 14.318, yakigawanywa kwa 3. Kwatzi hiyohiyo, ikigawanywa kwa 12, ililisha chipu nyingine ndogo ambayo kazi yake ilikuwa kutunza muda. Chipu hiyo iliigutusha DOS kama mara 18.2 kila sekunde, na kwa mguto huo DOS ilijua ni saa ngapi.

Kwa hiyo mtunzi wa programu alikuwa na njia mbili za kusubiri. Angeweza kuiuliza ile chipu ndogo muda umefika wapi, au aifanye prosesa ihesabu hatua zake yenyewe. Wengi walichukua njia ya pili, maana ilikuwa rahisi, na mashine zilikuwa na mwendo mmoja. Nani angejua?

Mwaka 1984 IBM yenyewe ikatoa PC AT yenye prosesa ya 80286, megahezi 6. Kampuni nyingine nazo zikaja na mashine za kasi zaidi. Hapo michezo mingi ya zamani ikapagawa: adui anakufikia kabla hujagusa kibodi. Ndipo watengenezaji wakaweka kitufe cha Turbo. Jina lile ni usanii mtupu. Mashine ilitengenezwa kwenda kwa kasi yake kamili, na faida ya kitufe ilikuwa kuipunguza ili programu za zamani ziishi. Wengine walipunguza mapigo yenyewe, wengine walizima kumbukumbu ya haraka ya prosesa. Na zile namba za kijani? Mara nyingi hazikupima kitu. Fundi alizipanga kwa vipini vidogo ndani ya sanduku, akaamua mwenyewe zisome nini.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni hiki: kitufe kilibonyezwa DOS ikiwa kazini, na hakuna aliyeitaarifu. Saa ya ukutani ya kompyuta haikupotea hata sekunde, kwa sababu ile chipu ndogo ilikuwa na mapigo yake. Walioteseka ni wale tu waliohesabu hatua zao wenyewe.

Hata waliojaribu kuwa waangalifu walikwama. Turbo Pascal 7 ya mwaka 1992 ilikuwa na sehemu iliyopima kasi ya mashine mara programu inapoanza: inahesabu mizunguko ndani ya mguto mmoja wa milisekunde 55, kisha inagawa kwa 55. Jibu lilipaswa kuenea kwenye namba isiyozidi 65,535. Prosesa zilipovuka kama megahezi 200, jibu likafurika, na programu ikafa kabla ya kuanza ikiandika kosa namba 200. Kwa sadfa tu, namba zikafanana.

Wakati huo sababu mpya ya kupunguza mwendo ilikuwa imeshazaliwa, nayo ni betri. Umeme unaoliwa na chipu ikiwa kazini hufuata idadi ya mapigo ukizidisha na volti, na volti yenyewe inazidishwa mara mbili. Ukipunguza mapigo peke yake, kazi inachukua muda mrefu zaidi na akiba ni ndogo. Lakini mapigo yakipungua, volti nayo inaweza kushushwa, na hapo ndipo penye faida. Mwaka 1994 Mark Weiser na wenzake wa Xerox PARC walipendekeza kwamba mfumo endeshi wenyewe uangalie kazi iliyopo na kuchagua mwendo. Walipima wazo lao kwa kumbukumbu za matumizi ya kompyuta halisi. Weiser alifariki Aprili 1999.

Januari 2000, miezi tisa baadaye, Intel ikatoa SpeedStep kwa kompyuta za mapajani. Pentium III ya megahezi 650 kwa volti 1.6 ikawa inashuka hadi megahezi 500 kwa volti 1.35. Piga hesabu mwenyewe: unapoteza karibu robo ya kasi, lakini ulaji wa umeme unashuka kwa kama asilimia 45. Mwezi huohuo Transmeta ikatangaza chipu ya Crusoe, iliyobadilisha mapigo na volti hatua kwa hatua mashine ikiwa inafanya kazi.

Sasa mfumo endeshi ulipaswa kujua. Linux 2.6, ya Desemba 2003, ilikuja na sehemu ya kusimamia mwendo wa prosesa, na humo ndani nikalikuta kosa langu limekaa. Linux nayo ilisubiri mambo madogo kwa kuzungusha prosesa hesabu tupu! Kila mwendo ulipobadilishwa, hesabu hizo zilibidi zirekebishwe. Zaidi ya hapo, prosesa ilikuwa na kihesabio cha mapigo ambacho mifumo ilikitumia kama saa. Mapigo yakipungua, muda nao unachelewa. Dawa ilikuja pale prosesa za baadaye zilipopewa kihesabio kisichobadilika, hata mwendo ukipanda na kushuka.

Yaani miaka zaidi ya 20 ikapita, na jibu likarudi palepale lilipokuwa mwaka 1981: anayekimbia asiwe ndiye anayeshika saa.

Lile shairi nililiandika upya. Nikafuta ile hesabu ya 5,000, nikaiambia programu iulize saa: mstari mmoja, sekunde tatu. Juzi nimeliendesha kwenye kompyuta ya mapajani ambayo prosesa yake hubadilisha mwendo kila wakati bila kuniomba ruhusa. Beti zikashuka taratibu, moja baada ya nyingine, kama nilivyotaka zisomwe siku ile ya mahafali. Mpwa wangu alikuwa begani kwangu akisoma. Ubeti wa mwisho ulipotoka, akasema, "Mjomba, rudia."