Kutoka Pembezoni mwa Mchezo: Historia ya Vikosi vya Dansi vya Shule za Marekani

Katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, futuboli ya Kimarekani ya shule za sekondari ina taadhima ambayo mgeni huistaajabia, kwani aghalabu siku ya Ijumaa jioni mji mzima, wazee kwa watoto, huhamia uwanjani. Na maadamu mchezo huo hukatwa katikati kwa mapumziko, tangu zamani palihitajika jambo la kuwashughulisha watazamaji hadi wachezaji warejee. Katika nafasi hiyo ya mapumziko ndimo ilimozaliwa sanaa ambayo leo ina walimu wake, kanuni zake, waamuzi wake na vyama vyake, nayo ni dansi ya vikosi vya wasichana wa shule.

Mwalimu anayetajwa kwanza katika habari hii ni Gussie Nell Davis, aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji mdogo wa Farmersville. Mama yake alimtakia awe mpiga piano, walakini binti alichagua elimu ya mazoezi ya mwili, akaisomea katika chuo cha wanawake mjini Denton, kisha akapata kazi katika shule ya sekondari ya Greenville, ambako alikabidhiwa wasichana wa kushangilia timu. Davis aliona kuwa vijana wenye nguvu na akili hawakustahili kuachwa kupaza sauti tu pembeni mwa uwanja, akawafundisha mwendo wa gwaride, ngoma na vifimbo, wakajulikana kwa jina la Flaming Flashes. Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Meksiko, mwalimu mwingine, Kay Teer Crawford, aliunda kikosi chake katika shule ya Edinburg, na wako wanaompa yeye fadhila ya kutangulia. Wote wawili wanastahili shukrani, kwa kuwa kila mmoja alitambua kipaji pale ambapo wengi waliona pambo.

Mwaka 1939 Davis aliitwa na chuo cha Kilgore, mashariki mwa Texas, katika eneo lililotajirika ghafla baada ya mafuta kugunduliwa mwaka 1930. Mkuu wa chuo, B. E. Masters, alikuwa na haja mbili: kuwavutia wasichana waje kusoma, na kuwazuia watazamaji wasiondoke vitini wakati wa mapumziko kwenda kunywa pombe. Kwa haja hizo mbili, ambazo hakuna hata moja iliyohusu sanaa, Davis alitoa jawabu lililozipita zote. Mnamo Septemba 1940 kikosi chake cha Rangerettes kiliingia uwanjani kwa mara ya kwanza, wasichana wamevaa kofia pana na sare za rangi nyekundu, nyeupe na buluu, wakatembea kwa safu moja iliyonyooka, wakarusha miguu juu kwa pamoja. Tangu mwaka 1951 kikosi hicho kimekuwa kikialikwa katika mchezo mashuhuri wa Cotton Bowl, na kwa njia hiyo sifa yake ikavuka mipaka ya jimbo.

Sifa peke yake haijengi chama wala haidumishi sanaa. Kinachodumisha ni mafundisho yenye utaratibu. Mwaka 1958 Davis alishirikiana na Irving Dreibrodt, kiongozi wa bendi ya chuo kikuu kimoja cha Dallas, wakaanzisha kambi za mafunzo ambamo wasichana na walimu wao walijifunza hatua, nidhamu na uongozi. Fauka ya hayo, wengi waliopita Kilgore walikwenda wakawa walimu katika shule za sekondari, wakaunda vikosi vyao wenyewe vyenye majaribio ya kuingia, makapteni na maluteni wao. Crawford naye alianzisha mashindano, na mwaka 1980 ikaundwa Universal Dance Association, iliyovikutanisha vikosi vya majimbo mengi katika ushindani mmoja.

Insafu inatulazimisha kusema pia kwamba fahari hiyo haikuwa ya wote. Kikosi cha Kilgore hakikuwa na msichana mweusi hata mmoja hadi miaka ya 1970, na kosa hilo ni sehemu ya historia hii kama ulivyo ustadi wake.

Hatua kubwa nyingine ilipigwa mbali na Texas, katika jimbo la Minnesota, ambako baridi ni kali na vikosi hushindana ndani ya majumba ya michezo. Huko shirikisho la michezo ya shule, lililoasisiwa mwaka 1916, liliikubali dansi katika mwaka wa masomo wa 1996/1997 kuwa miongoni mwa mashindano yake rasmi, kwa mitindo miwili: dansi ya jazi na dansi ya kurusha miguu juu. Kwa idhini hiyo kikosi cha dansi kilipata msimu wake, mashindano ya kanda yanayoongoza kwenye mashindano ya jimbo, na waamuzi wanaopima ulinganifu, ugumu wa hatua na ustadi wa utungaji. Umati uliokuja humo ulikuja kwa ajili ya dansi yenyewe, wala hapakuwa na mchezo mwingine uliosubiriwa.

Davis alistaafu mwaka 1979, akafariki mwaka 1993, kabla ya kuona mashindano hayo ya Minnesota. Lakini kazi yake ilikwisha kuthibitisha hoja kubwa: kwamba kijana akipewa mwalimu mwenye ghera, kanuni zilizo wazi na uwanja wa kujipimia, hata nafasi ndogo iliyokusudiwa kujaza muda huweza kuwa sanaa kamili. Kwa hiyo wenye mamlaka ya shule, popote walipo, wasiihesabu dansi ya wanafunzi kuwa pambo la sherehe. Waipe walimu, wakati na heshima inayostahili kila somo.