Yule dada anayecheza kwenye kioo cha prodyuza

Leo nina stori ya njia panda.

Juzi nilikuwa natoka Tanga, nikashuka Msata ili nikamate gari ya Bagamoyo. Wanaopajua wanajua: barabara ya Chalinze kwenda Segera inapita pale, na lami inayotoka Bagamoyo inakuja kuishia hapohapo. Ukishuka unapokewa na mahindi ya kuchoma, machungwa, bodaboda na vibanda vya kurushia watu nyimbo kwenye simu na flashi. Jua lilikuwa kali, nikajibanza kwenye kibanda kimoja. Dogo mwenye kibanda alikuwa anatengeneza biti, na pembeni ya kioo cha kompyuta yake kulikuwa na kikatuni cha msichana kinacheza. Dogo akipunguza kasi, na kenyewe kanapunguza. Akiongeza, kanakatika kama kamepagawa.

"Huyo ana kazi gani?" nikamuuliza.

"Hana kazi, braza. Anacheza tu."

Jibu hilo nimetembea nalo mpaka Bagamoyo, na mpaka leo halijanitoka. Programu za ofisini tunazozijua sisi, za kuandikia barua na kupigia mahesabu, huwezi kukuta mtu anacheza pembeni. Sasa huyu dada nani alimweka, na kwa nini? Nikaanza kuchimba.

Programu yenyewe ni FL Studio. Wenzangu wa rika fulani mtaikumbuka kwa jina lake la zamani, FruityLoops. Ilitoka kwenye kampuni ndogo ya Ubelgiji iitwayo Image-Line, iliyoanzishwa na Jean-Marie Cannie na Frank Van Biesen mwaka 1994. Hawakuwa watu wa muziki. Walikuwa wanatengeneza gemu, na moja ya gemu zao za mwanzo ilikuwa aina ya Tetris ya wakubwa, sitaieleza zaidi ya hapo maana mama yangu anasoma blogu hii. Kijana waliyemwajiri, Didier Dambrin, naye alikuwa mtunzi wa gemu. Huyo ndiye aliyekaa akaandika FruityLoops, toleo la kwanza likaonekana Desemba 1997 na kuzinduliwa rasmi mapema 1998. Ilikuwa kitu kidogo sana, mashine ya kupanga midundo yenye chaneli nne, basi.

Angalia ilivyopangwa, maana siri iko hapo. Kuna mistari, kila mstari una sauti yake: teke, makofi, kayamba. Kila mstari una vitufe 16, vimegawanywa nne nne kwa rangi mbili. Unabofya kushoto kitufe kinawaka, unabofya kulia kinazimika. Unaruhusu, kinazunguka. Hakuna nota, hakuna haja ya kujua funguo ya G ni mnyama gani. Mtu aliyewahi kucheza gemu yoyote anaelewa ndani ya dakika mbili, na ndani ya tatu anatikisa kichwa. Kasi unaweza kuipandisha mpaka midundo 522 kwa dakika. Kwa nini 522 na si 500? Mimi nasema hiyo ni namba ya mtu anayefurahia kazi yake. Na yule dada ni kifaa kabisa ndani ya programu, kinaitwa Fruity Dance. Wakubwa wa teknolojia wangeita kikao kumjadili.

Jina nalo lilikuwa utani, na utani ukawaletea kesho ngumu. Marekani kampuni ya Kellogg ilikuwa inauza nafaka za kifungua kinywa ziitwazo Froot Loops, wakaona jina limekaribia mno. Mwaka 2003, na toleo la nne, FruityLoops ikawa FL Studio. Matunda yakabaki kwenye herufi mbili na kwenye nembo.

Ni mwaka huohuo wa 2003 ambapo prodyuza wa Marekani, 9th Wonder, aliyejulikana kwa kutumia FruityLoops, aliingia kwenye The Black Album ya Jay-Z na biti ya "Threat". Waliokuwa wanaiita programu ya watoto walinyamaza siku mbili tatu. Kisha wakaendelea.

Sasa turudi nyumbani. Hii ni nchi ambayo mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya jaribio la kuzitumia Hazina kwenda mrama. Marufuku ile ililegea polepole, soko likafunguliwa, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta zilizotumika Ulaya zilikuwa zinapatikana Kariakoo. Zilikuja kwa ajili ya kazi za heshima: uhasibu, kuchapa, "kozi ya kompyuta" yenye cheti. Sera ya Taifa ya TEHAMA ya 2003 inazungumza lugha hiyohiyo ya maendeleo. Hakuna aliyeziagiza ili vijana wa Mburahati au Manzese wabofye vitufe 16 usiku kucha.

Lakini walibofya. Redio binafsi zilikuwa zimeshafunguka toka Radio One ianze mwaka 1994, zilikuwa na njaa ya nyimbo, na studio kubwa zilikuwa chache na ghali. Intaneti ilikuwa ya kubembeleza. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar Julai 2009. Kabla ya hapo programu ilisafiri kwa CD iliyochomwa, mkono kwa mkono, kama kaseti ya taarabu. Ndani ya CD kuna FruityLoops na kifaili kidogo cha kuivunjia kufuli.

Hapa ndipo pananiuma, na nisipopasema nitakuwa nimeandika sifa tupu. Nakala ya majaribio ilikuruhusu kutoa wimbo kama faili ya sauti, ila kuirudia kazi yako kesho yake na kuiendeleza ilitaka ulipie. Kwa Dar ya mgao wa umeme wa 2006 hiyo ilikuwa hukumu: umeme ukikatika saa tano usiku, biti yako imekwenda na maji. Kwa hiyo karibu kila mtu alitumia ya wizi. Na hawa hawa, wakitoka studio, walikuwa wanasimama kwenye redio kulia na wanaochoma CD zao pale Kariakoo bila hata senti. Tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 na tulikuwa na kila sababu ya kulia. Nimewahi kuandika habari za wasanii wakidai haki, zaidi ya mara moja, na sikuwahi kumuuliza hata mmoja biti yake imetengenezwa kwa programu aliyoilipia nani. Labda niliogopa jibu, maana kompyuta niliyoandikia habari ile yenyewe haikuwa na leseni ya chochote.

Wabelgiji wenyewe walijua kazi yao inaibiwa dunia nzima. Dawa yao ikawa ya ajabu: ukinunua mara moja, matoleo mapya yote unapewa bure maisha yako yote. Wameshikilia ahadi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Namfahamu prodyuza wa Temeke aliyenunua baada ya kuiba kwa miaka minane. Nilimuuliza nini kilimsukuma. Akasema alipopata hela ya kwanza ya tangazo aliona aibu kwa yule dada anayecheza.

Wazee wa dansi nao walikuwa na lao: huo si muziki, ni kubofya. Nilikuwa nawaunga mkono, nakiri. Kilichonibadilisha ni kujua historia ya mtaa ulikotokea huo ubofyaji. Kabla ya kompyuta kulikuwa na mchiriku, ngoma za Wazaramo zikiwekewa vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwingine ni zawadi ya mtoto, vikipigwa kupitia spika za tarumbeta mpaka vinakwaruza. Navyo viliitwa vya kihuni. Kundi la Jagwa Music lilipiga muziki huo kwa miaka, mpaka mwaka 2012 albamu yao Bongo Hotheads ikatolewa na Crammed Discs. Ya wapi? Ya Brussels. Ubelgiji tena, jamani!

Kwa hiyo FruityLoops ilipofika uswahilini ilikuta watu wenye uzoefu mrefu wa kuchukua toy na kuifanya ngoma. Na hawakuikubali kama ilivyokuja. Ngoma nyingi za pwani yetu zinatembea kwa tatu tatu, wakati vile vitufe vimepangwa nne nne. Unaingia kwenye mipangilio, unabadili hesabu ya hatua, unabaki na 12, na mashine ya Ubelgiji inaanza kuchechemea kama inavyotakiwa. Wengine wakaongeza VirtualDJ, iliyotoka mwaka huo huo wa 2003 ili ma-DJ wachanganyie nyimbo: wakakata kipande cha taarabu, wakakizungusha, wakakiharakisha mpaka kikageuka kitu kingine. Ndiyo singeli hiyo, midundo 200 mpaka 300 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikakusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati kwenye Sounds of Sisso, na baada ya hapo vijana wale wakawa wanapanda ndege kwenda kupiga Ulaya. Ile 522 niliyoicheka hapo juu? Kwa wengine ni namba ya kutania. Kwa singeli ni akiba.

Nilimuuliza dogo wa Msata kama ya kwake ni ya kulipia. Akacheka, akasema tuzungumze mambo mengine. Biti aliyokuwa anatengeneza ilikuwa ya harusi, ya mtu wa Kiwangwa, na ilikuwa na kipande cha ngoma ya Wakwere alichokirekodi kwa simu kwenye mkole wa binti wa jirani. Alikuwa anahangaika kukilaza kwenye vile vitufe, kinakataa, kinakuja mbele kidogo ya mdundo.

"Wapigaji wanawahi," akaniambia. "Kompyuta ndiyo inachelewa."

Akaacha kusogeza ngoma, akaanza kusogeza vitu vingine vyote viifuate. Gari ya Bagamoyo ikapiga honi, konda anaita, nikaondoka yule dada akiwa bado anacheza.