Nywele za Askari wa Pollsmoor

Gereza la Pollsmoor liko Cape Town, Afrika Kusini. Wengi wetu tumelisikia kwa sababu Nelson Mandela alifungwa humo kuanzia 1982 hadi 1988, baada ya kuhamishwa kutoka Kisiwa cha Robben. Mwaka 2007 gereza hilo lilizaa kesi ya namna nyingine, ambayo haikuhusu wafungwa bali askari waliowalinda. Askari watano wanaume walifukuzwa kazi kwa sababu ya nywele zao. Kesi yao ilipita katika mahakama tatu na kumalizika 2013. Ndani yake limo swali linalotuhusu na sisi tulio Kanisani: mwajiri ana mamlaka kiasi gani juu ya kichwa cha mfanyakazi wake?

Askari hao walikuwa wamefuga rasta. Baadhi yao walikuwa Warastafari, watu wa imani iliyoanza Jamaika baada ya Haile Selassie kutawazwa kuwa mfalme wa Ethiopia mwaka 1930. Kwao, kutokata nywele ni sehemu ya kumcha Mungu, nao huitaja nadhiri ya Mnadhiri iliyoandikwa katika Hesabu sura ya 6. Wengine walikuwa Waxhosa walioamini kwamba mababu wamewaita katika njia ya uganga, na kwamba nywele hizo ni sehemu ya wito huo. Walikuwa wakienda kazini na rasta zao, hadi uongozi wa gereza ulipoamua kwamba kanuni ya mavazi ifuatwe. Kanuni ilimkataza mwanamume kufuga rasta. Waliamriwa wazikate, wakakataa, wakafukuzwa.

Kanuni hiyohiyo iliwaruhusu askari wanawake kuwa na rasta. Hapo ndipo hoja ya mwajiri ilipoanza kulegea. Kama rasta huharibu nidhamu ya gereza, mbona haziiharibu zikiwa kichwani pa mwanamke? Mwajiri alikuwa na hoja nyingine: kwamba wafungwa Warastafari wangemtambua askari wa imani yao kwa nywele zake, wakamrubuni awaingizie bangi. Ni tuhuma nzito. Lakini haukuletwa ushahidi kwamba askari hao walikuwa rahisi kurubuniwa, wala kwamba nywele zao zilipunguza utendaji wao wa kazi.

Chama chao cha wafanyakazi kiliipeleka kesi mahakamani. Mahakama ya Kazi iliona kwamba walibaguliwa kwa jinsia yao. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ya Kazi ikaongeza kwamba walibaguliwa pia kwa dini na utamaduni wao. Machi 2013 Mahakama Kuu ya Rufaa iliikataa rufaa ya serikali. Ilieleza kwamba sera inayomwadhibu mtu kwa kuitenda imani yake humshushia utu wake, kwa maana humwambia kwamba imani yake haistahili kulindwa. Mwajiri anaweza kutofautisha watu, lakini sharti aonyeshe kwamba kazi yenyewe inadai hivyo. Kusema tu kwamba ndiyo nidhamu yetu hakutoshi.

Si kila mahali sheria imemsaidia mwanamume mwenye nywele ndefu. Nchini Marekani, mwaka 1970, kijana aitwaye Alan Willingham aliomba kazi ya kupanga kurasa katika gazeti la mji wa Macon, jimbo la Georgia. Alikataliwa kwa sababu nywele zake zilifika mabegani. Mwaka huohuo tamasha kubwa la muziki lilifanyika karibu na hapo, katika mji mdogo wa Byron, na mwanamume wa nywele ndefu alionekana na wenyeji wengi kuwa mhuni. Willingham alishtaki kwa kutumia Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi wa jinsia kazini. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mwanamke mwenye nywele za urefu huo asingekataliwa. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa iliamua dhidi yake. Ilisema rangi na jinsia ni vitu ambavyo mtu hawezi kuvibadili, lakini nywele hukatwa. Asiyependa masharti ya mwajiri anaweza kwenda kwa kinyozi, au kutafuta kazi kwingine.

Tukiziweka kesi hizi mbili pamoja, tunaona tofauti. Mahakama ya Marekani iliuliza kama nywele zinaweza kukatwa. Mahakama za Afrika Kusini ziliuliza mkasi unakata nini pamoja na nywele, na kwa faida gani ya kazi. Kwa mtu aliyeweka nadhiri, mkasi hukata dhamiri.

Sisi tunaosoma Biblia hatupaswi kushangaa. Mnadhiri hakuruhusiwa kupitisha wembe kichwani siku zote za nadhiri yake. Mama yake Samsoni aliagizwa na malaika kwamba mtoto asinyolewe, na Hana alimwahidi Bwana jambo hilohilo juu ya Samweli. Ni kweli kwamba Paulo, katika 1 Wakorintho 11:14, anasema nywele ndefu ni aibu kwa mwanamume, na mstari huo hunukuliwa sana. Lakini hapo Paulo anazungumzia utaratibu wa ibada katika kanisa la Korintho. Paulo huyohuyo, katika Matendo 18:18, anakata nywele zake Kenkrea kwa sababu alikuwa na nadhiri, na katika sura ya 21 anawagharimia wanaume wanne wenye nadhiri ili wanyolewe kwa utaratibu wake. Aliheshimu nywele za watu hao kwa kuwa aliheshimu nadhiri iliyokuwa ndani yao.

Hata historia ya Kanisa letu ina nywele ndani yake. Martin Luther alipokuwa mtawa alinyolewa utosini, kama ilivyowapasa watawa wote. Baada ya kusimama mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521, alifichwa katika ngome ya Wartburg. Huko aliacha nywele na ndevu zikue, akaitwa Junker Jörg, nasi tunayo picha yake iliyochorwa na Lucas Cranach. Kichwa hicho kisichonyolewa ndicho kilichoinama kulitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Baadaye, mwaka 1577, Walutheri waliandika katika hati yao ya mapatano kwamba yapo mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala kuyakataza. Kanisa lina uhuru wa kuyapangia utaratibu. Lakini wakati wa mateso, mtu akilazimishwa kuyashika kana kwamba ni lazima mbele za Mungu, kukubali si jambo dogo tena.

Msomaji anaweza kuuliza: je, mchungaji anatetea Urastafari na wito wa mababu? Hapana. Ninahubiri Kristo peke yake. Lakini Amri ya Nane inanikataza kumshuhudia jirani uongo, na Katekisimo Ndogo inatufundisha kuyaeleza mambo ya jirani kwa upande ulio mwema. Kumwambia askari kwamba ataingiza bangi kwa sababu ya nywele zake, bila ushahidi wowote, ni kuivunja amri hiyo, hata kama imani yake si yangu. Na mahali ambapo sheria inaweza kumfukuza Mrastafari kwa dhamiri yake, dhamiri ya Mkristo nayo haina ulinzi.

Jambo hili lipo pia nyumbani kwetu, kwa kuwa Kanisa ni mwajiri. Tuna hospitali, shule, vyuo na ofisi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini na wa jinsia, na inaruhusu tofauti inayotokana na mahitaji halisi ya kazi. Nywele hazikutajwa humo kwa jina, lakini nyuma ya nywele huweza kuwapo dini. Basi chumba cha upasuaji kikidai nywele zifunikwe, na zifunikwe, za mwanamume na za mwanamke. Jiko likidai kofia, ivaliwe na wote. Lakini kijana akija kuomba kazi ya uhasibu akiwa na nywele ndefu, kamati ya ajira ina maswali mawili ya kumuuliza kabla ya kumwita mhuni: unaijua kazi hii? Na nywele hizi zina maana gani kwako? Huenda akajibu kwamba ni mtindo tu, na hapo mnaweza kuelewana juu ya unadhifu. Huenda akajibu kwamba ni nadhiri. Hatutajua tusipouliza.