Saraswati

Saraswati ni mungu wa kike wa Wahindu anayesimamia elimu, usemi, muziki na sanaa. Katika Rigveda, mkusanyo wa tenzi za kale za Kisanskriti, anatajwa kama mto mkubwa na pia kama mungu. Baadaye alichukuliwa kuwa mmoja na Vach, mungu wa kike wa usemi.

Huchorwa amevaa sari nyeupe, ana mikono minne, kando yake batamaji au tausi. Mikono miwili hupiga vina, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu. Mingine hushika kitabu na tasbihi. Picha hiyo ina uzito: muziki umewekwa pamoja na maandiko, wala haukufanywa pambo lake. Muthuswami Dikshitar (1775–1835), mtunzi mkuu wa muziki wa Karnataka, yaani muziki wa jadi wa India Kusini, alimtungia nyimbo zinazoimbwa hadi leo.

Sikukuu yake, Vasant Panchami, huangukia Januari au Februari. Huko Bengal wanafunzi huweka vitabu na kalamu mbele ya sanamu yake, wanamuziki huweka ala zao, na watoto wadogo hufundishwa kuandika herufi za kwanza. Kwa desturi, siku hiyo hakuna kusoma: vitabu viko kwa mwenyewe.

Katika kisiwa cha Bali, Indonesia, huadhimishwa kila baada ya siku 210. Japani, alikofika pamoja na Ubuddha, huitwa Benzaiten na hupiga biwa, ala ya nyuzi. Hekalu lake maarufu liko kisiwani Enoshima.