Chuo Kikuu Kishiriki Dar es Salaam: Maisha ya Wanafunzi, 1961–1970

Chuo Kikuu Kishiriki Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kilianza na Kitivo cha Sheria pekee na wanafunzi 13, akiwemo Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Masomo yalitolewa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba.

Mwaka 1963 Chuo kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata kilihamia Mlimani, ambako wanafunzi waliishi na kusoma mahali pamoja, mbali na pilikapilika za mji, kwa gharama ya umma.

Hali hiyo ilizua swali zito: msomi ana deni gani kwa taifa? Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria iliyowalazimu wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, muda mwingi wakipokea asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao wanafunzi zaidi ya 300. Papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao waliruhusiwa baadaye kuendelea na masomo.

Tarehe 1 Julai, 1970, Chuo kilikuwa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wake wa kwanza.